Wazee wa Eastlands Hawakudai Uhuru kwa Sauti Moja

Kila Oktoba 20, Sikukuu ya Mashujaa inapofika, tunasomewa hadithi ileile. Mkoloni alikuja, akachukua ardhi, akatuvisha kipande shingoni. Wananchi wakaungana wote, wakadai uhuru, wakaupata. Kisha, uhuru ulipokwisha kupatikana, wanasiasa wenye tamaa wakatugawanya kwa makabila. Hadithi hii inasemwa jukwaani na wakubwa, inafundishwa darasani, na inarudiwa vibarazani Jericho na Bahati na watu wema wasio na nia mbaya hata kidogo. Wanaisema kwa sababu wanatamani turudi pale tulipokuwa wamoja.

Hatukuwahi kuwa pale. Wazee wetu hawakukubaliana. Hawakukubaliana kama uhuru udaiwe sasa au baadaye, kama udaiwe kwa kalamu, kwa mgomo au kwa panga, wala kama ukija, shamba la mzungu litakuwa la nani. Walibishana juu ya mambo hayo miaka mingi, na sehemu kubwa ya ubishi huo ilifanyika hapahapa, kati ya Pumwani na Makongeni. Mstari uliowatenganisha haukupita baina ya kabila na kabila. Ulipita katikati ya kila kabila, katikati ya kila chama cha wafanyakazi, wakati mwingine katikati ya nyumba moja. Hilo ndilo ninalotaka msomaji alishike, maana tukilipoteza hatubakiwi na maelezo mengine ya kutofautiana kwetu ila kabila.

Ushahidi wa kwanza uko kwenye majina tunayoyataja kila siku tukipanda matatu. Mtaa wa Mbotela umepewa jina la Tom Mbotela, makamu wa rais wa chama cha Kenya African Union (KAU), mtu wa ukoo wa Freretown, makazi ya watumwa walioachwa huru kule Mombasa. Mbotela aliipinga hadharani Mau Mau, harakati iliyochukua silaha dhidi ya mkoloni. Novemba 1952, mwezi mmoja baada ya serikali kutangaza hali ya hatari, aliuawa karibu na soko la Burma, Shauri Moyo. Ofafa, jina linalotangulia Jericho, Maringo, Jerusalem na Kunguni, ni la Ambrose Ofafa, diwani wa jiji na kiongozi katika Luo Union, aliyeuawa Kaloleni mwaka 1953. Hatua chache kutoka hapo upo mtaa wa Kimathi, uliopewa jina la Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau aliyenyongwa Februari 18, 1957. Ukielekea Pumwani na Eastleigh unakuta barabara ya Jenerali Waruinge, naye ni wa msituni. Mitaa yote hii inahudumiwa na Barabara ya Jogoo, iliyoitwa Doonholm zamani, na jogoo alikuwa nembo ya chama cha KANU.

Serikali ya kikoloni iliwapa Mbotela na Ofafa mitaa kwa makusudi yake: ilitaka Mwafrika aone malipo ya kumpinga Mau Mau. Serikali huru nayo ilimpa Kimathi mtaa kwa makusudi yake. Lakini hakuna aliyefuta jina la mwenzake, na kwa sababu hiyo tumeachiwa kumbukumbu ya kweli kuliko ile ya kitabuni. Nimesikia mara nyingi watu wakisema kwamba majina ya Mbotela na Ofafa yaondolewe kwa kuwa ni ya wasaliti. Sikubaliani nao. Mtu anayesema uhuru uje kwa katiba na kura, asikubali jirani yake alazimishwe kula kiapo usiku, hajamsaliti mtu. Amekosana na wenzake kuhusu njia. Na aliyemwua alijibu hoja kwa silaha, jambo ambalo hata wanaomheshimu Kimathi, nami ni mmoja wao, wanapaswa kulisema waziwazi. Sasa mitaa ya zamani ya Eastlands inazungumziwa sana kuwa itajengwa upya. Nyumba zijengwe, watu wamechoka na mabomba ya miaka ya hamsini. Majina yabaki yote, yaani ya Mbotela, ya Ofafa na ya Kimathi, na penye lango la kila mtaa pawekwe maandishi yanayosema mtu huyu alitaka nini, alipingana na nani, na alikufaje.

Ukumbi wa Kaloleni una habari kubwa kuliko zote, na watoto wanaocheza mpira nje yake hawajasimuliwa. Jumapili ya Aprili 23, 1950, KAU na East African Indian National Congress waliitisha mkutano wa pamoja mle ndani kupinga mpango wa walowezi wa kujiongezea madaraka. Wengi walitaka azimio liishie hapo: tunaukataa mpango wa walowezi. Akasimama Makhan Singh, Singasinga mzaliwa wa Punjab, katibu mkuu wa muungano wa vyama vya wafanyakazi uliokuwa umeanzishwa mwaka mmoja kabla, akataka azimio lidai uhuru kamili wa nchi za Afrika Mashariki. Lilipita. Mei 15 alikamatwa yeye na rais wa muungano huo, Fred Kubai. Kesho yake wafanyakazi wa Nairobi wakagoma, wakidai waachiliwe na mshahara usipungue shilingi 100 kwa mwezi. Mgomo ulidumu zaidi ya wiki moja, na mitaa ya Waafrika ndiyo iliyoubeba. Singh hakutoka kizuizini hadi Oktoba 1961.

Tazama nani walikuwa upande gani. Aliyeleta azimio hakuwa na kabila lolote la humu nchini. Kubai alikuwa mtoto wa Mkikuyu na Mgiriama. Upande wa pili, miongoni mwa waliosema mambo yanakwenda kasi mno, kulikuwa na Wakikuyu wenye elimu na vyeo, Waluo, Waluhya na watu wa pwani. Viongozi wa KAU wenyewe walitaka kwanza viti zaidi katika Baraza la Kutunga Sheria na jibu kuhusu ardhi iliyochukuliwa. Eliud Mathu alikuwa amekaa katika baraza hilo tangu 1944 akiamini kwamba mlango uliofunguka kidogo husukumwa taratibu. Hiyo ilikuwa hoja ya mtu mzima mwenye akili zake, na ilijibiwa na watu wazima wenye akili zao.

Ilijibiwa Juni 1951, pale tawi la KAU la Nairobi lilipofanya uchaguzi. Kubai akawa mwenyekiti, J. D. Kali makamu wake, Bildad Kaggia katibu, Paul Ngei msaidizi wa katibu. Kali na Ngei walikuwa Wakamba. Watu wa vyama vya wafanyakazi wakawa wamelichukua tawi kutoka kwa wastahifu wa zamani, wakalichukua kwa kura, na kuanzia hapo Nairobi ikawa mbele ya makao makuu. Agosti 1952, Jomo Kenyatta alipoilaani Mau Mau mbele ya umati mkubwa Kiambu, kamati ya Nairobi ilimwita na kumwambia aache. Kaggia amelisimulia jambo hilo katika kumbukumbu zake. Kwa hiyo hata yule tunayemwita Baba wa Taifa alipingwa na vijana wa vyama vya wafanyakazi, miezi miwili tu kabla ya kukamatwa pamoja nao.

Najua jibu litakalokuja hapa, nami nalichukua kwa uzito: mgawanyiko uliletwa na Mwingereza. Yako mengi ya kweli ndani yake. Aprili 24, 1954, askari wapatao 25,000 waliuzingira mji katika Operesheni Anvil, wakawatoa Wakikuyu, Waembu na Wameru katika mitaa hii na kuwapeleka Lang'ata, Manyani na Mackinnon Road kwa maelfu. Waliobaki Bahati walizungushiwa seng'enge. Vyama viliporuhusiwa tena mwaka 1955 viliruhusiwa kwa wilaya tu, ili asipatikane mtu wa kuongea kwa niaba ya nchi. Katika uchaguzi wa Machi 1957, Mkikuyu hakuweza kupiga kura bila cheti cha utiifu kwa serikali. Hiyo yote ni kazi ya mkoloni, na hakuna atakayenisikia nikiitetea.

Lakini kutoka hapo hadi kusema kwamba kila tofauti ilitoka London ni kuwavua wazee wetu akili. Ina maana Kaggia hakuwa na wazo lake kuhusu ardhi, Mbotela hakuwa na wazo lake kuhusu damu, Mathu hakuwa na wazo lake kuhusu subira. Wote walikuwa wakichezeshwa. Mlowezi naye alituambia hivyohivyo: kwamba Mwafrika hana siasa, ana uchochezi tu aliotiwa na mtu mwingine, na huyo mtu mwingine wakati huo alikuwa Mhindi mkomunisti. Tunaikataa kauli hiyo ikitoka kwa mlowezi, kisha tunaifundisha wenyewe shuleni.

Na hata chini ya seng'enge watu walizidi kubishana. Mwaka 1953 na 1954 wapiganaji waliamuru watu wa Nairobi wasipande mabasi, wasivute sigara, wasinywe bia ya mzungu. Wengi walitii kwa moyo, wakatembea kwa miguu kwenda kazini asubuhi na kurudi jioni. Wengine walitii kwa hofu, na wengine walikataa wakasema mgomo unamuumiza kibarua kuliko tajiri. Mtu anayetembea hadi Eneo la Viwanda kwa sababu anaamini, na mwenzake anayetembea kwa sababu anaogopa, hawasemi kwa sauti moja ingawa wako kwenye njia moja.

Kisha ukaja uchaguzi huo wa 1957. Wagombea wakuu wa Nairobi walikuwa Tom Mboya na Clement Argwings-Kodhek, wote Waluo. Argwings-Kodhek ndiye wakili wa kwanza Mwafrika nchini, aliyewatetea washtakiwa wa Mau Mau mahakamani wakati ambapo kufanya hivyo kulimletea mtu kila aina ya shida. Mboya alikuwa na vyama vya wafanyakazi nyuma yake, na alijua kuzungumza na kibarua. Mboya akashinda kwa tofauti ndogo. Baadaye, Februari 1961, akasimama Nairobi Mashariki dhidi ya Dkt. Munyua Waiyaki, katika eneo lenye Wakikuyu wengi na dhidi ya Mkikuyu wa ukoo mkubwa, akashinda kwa kishindo. Anayesema Eastlands imepiga kura kwa kabila tangu jadi aeleze kura hiyo. Hawezi, kwa sababu watu walichagua kati ya fikra mbili, wakachagua ile iliyoonekana kuwafaa.

Hata picha maarufu kuliko zote za uhuru, ile ya watuhumiwa sita wa Kapenguria, ni picha ya watu waliopingana. Kenyatta, Kubai, Kaggia, Ngei, Achieng Oneko na Kung'u Karumba walifungwa pamoja, na ndiyo sababu tunawahesabu kama sauti moja. Walipotoka, Ngei aliunda chama chake kabla hata ya uhuru. Kaggia, akiwa katika serikali ya KANU, alisisitiza kwamba walioteswa kwa ajili ya ardhi wapewe ardhi bila kuinunua, akapoteza nafasi yake serikalini mwaka 1964. Aprili 1965, Kandara, Kenyatta alimuuliza mbele ya umma amejifanyia nini tangu watoke kifungoni, akimlinganisha na wenzao waliokuwa wamepata mashamba na biashara. Mwaka 1966 Kaggia na Oneko wakaingia KPU, chama cha upinzani cha Oginga Odinga. Kubai akabaki na Kenyatta.

Hapa nataka kukaa kidogo, maana ndipo hadithi ya umoja ilipoleta madhara yake. KPU ilikuwa na hoja: ardhi ya bure kwa wasio nacho, elimu ya bure, kutotegemea mataifa ya Magharibi. Makamu wa rais wake, Kaggia, alikuwa Mkikuyu wa Murang'a. Hoja hiyo ingeweza kujibiwa kwa hoja, na Mboya alikuwa na uwezo wa kuijibu. Badala yake serikali ilisema: tulipigania uhuru sote, tukashinda sote, kwa hiyo anayeleta maneno mengine sasa ana lake jambo. Na jambo gani? Kabila. KPU ikapachikwa jina la chama cha Waluo, Kaggia akaonekana amepotea njia, na Oktoba 1969, baada ya damu kumwagika Kisumu, chama kikapigwa marufuku na viongozi wake wakatiwa kizuizini. Miezi mitatu kabla, Mboya mwenyewe alikuwa ameuawa kwa risasi mjini, na Eastlands iliyompigia kura bila kuuliza kabila lake ikaanza kutazamana kwa jicho jingine.

Ndivyo hadithi ya sauti moja inavyofanya kazi. Ukishaamini kwamba zamani sote tulitaka kitu kimoja, basi anayetaka kitu tofauti leo hawezi kuwa na sababu ya akilini. Lazima amenunuliwa, au ametumwa na watu wa kwao. Kenyatta alisema sote tulipigania uhuru, na neno hilo liliwafaa waliokuwa homugadi, yaani walinzi wa upande wa mkoloni, na likawanyima waliotoka msituni haki ya kudai. Rais Moi alisema vyama vingi vitaleta ukabila. Julai 1990 Kenneth Matiba na Charles Rubia, meya wa kwanza Mwafrika wa jiji hili, waliitisha mkutano uwanja wa Kamukunji, wakawekwa kizuizini siku chache kabla. Siku ya mkutano, Saba Saba, ilipofika watu walikwenda Kamukunji hata hivyo, wakapigwa, na wengine wakauawa. Walikuwa wanadai haki ileile iliyotumika Kaloleni miaka 40 kabla, haki ya kusimama ukumbini na kusema azimio hili halitoshi.

Ubishi wa namna hii si wa kwetu pekee. Watu wa asili wa Hawaii walipinduliwa ufalme wao Januari 1893, na nchi yao ikatwaliwa na Marekani mwaka 1898 ingawa zaidi ya watu 21,000 walitia sahihi kupinga. Mwaka 1959 waliulizwa kwenye kura kama wanataka kuwa jimbo kamili la Marekani au la. Kujitawala hakukuwa miongoni mwa majibu. Leo wenyeji hao wamegawanyika: kuna wanaotaka Washington iwatambue kama taifa ndani ya Marekani, kuna wanaosema kukubali hilo ni kuhalalisha unyang'anyi na wanataka nchi yao irudishwe kamili, na kuna walioridhika na hali ilivyo. Wapinzani wao huitumia tofauti hiyo kusema hawajui wanalotaka. Mkenya akisikia kauli hiyo anapaswa kuitambua mara moja, kwa sababu walowezi wa Nairobi waliisema mwaka 1950 na wakubwa wetu wameisema tangu wakati huo. Taifa halidaiwi kuwa na jibu moja ndipo lihesabiwe kuwa lina swali la haki.

Kuna hoja moja iliyobaki, na wanaoitoa ni watu ninaowaheshimu. Wanasema: wewe unayachimbua ya Mbotela na Ofafa katika mji ulioona ghasia za baada ya uchaguzi, Desemba 2007 na Januari 2008. Watu walifukuzwa nyumba zao Mathare na Dandora kwa sababu ya jina la ukoo. Je, ni busara kuwakumbusha vijana kwamba babu wa huyu aliuawa na watu wa babu wa yule?

Hofu hiyo nimeiona kwa macho na siichezei. Lakini tazama kilichotokea mwaka ule. Vijana waliofukuzana hawakuwa wamefundishwa mno kuhusu tofauti za fikra. Walikuwa wamefundishwa umoja tangu chekechea, wameimba umoja, wengine wamekulia mtaa unaoitwa Umoja. Walipokuta kwamba jirani amepiga kura tofauti, hawakuwa na neno jingine la kumwelezea isipokuwa kabila lake. Hakuna aliyewaambia kwamba Mkikuyu Harry Thuku, aliyefungwa kwa kudai haki mwaka 1922 hata watu wakapigwa risasi Machi 16 wakitaka aachiliwe, baadaye aliipinga Mau Mau ya Wakikuyu wenzake. Hakuna aliyewaambia kwamba Mluo Argwings-Kodhek aliwatetea Wakikuyu mahakamani, wala kwamba Singasinga alikaa kizuizini miaka 11 kwa ajili ya azimio lililopita Kaloleni. Habari hizi hazimpi kijana sababu ya kumchukia jirani. Zinamvunja nguvu yule anayemjia usiku na kumwambia kwamba jirani anafikiri hivi kwa sababu ya damu yake.

Kwa hiyo walimu wa historia wa shule za Eastlands, na niwaombe nyinyi kwanza kabla ya wizara, acheni kuwauliza wanafunzi sababu za Waafrika kuungana kudai uhuru. Waulizeni Kubai na Mbotela walitofautiana juu ya nini. Waulizeni kwa nini Kubai na Kaggia, waliokamatwa siku moja na kuhukumiwa pamoja, walisimama pande mbili mwaka 1966, na ni nani kati yao ambaye mwanafunzi angemwunga mkono. Kisha waacheni wabishane, wasikatishwe mpaka kengele ilie.